Tuiulize kamera, si gauni la mwigizaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala wa maadili katika filamu, ambao kwa muda mrefu umekuwa ukizunguka jambo moja tu, yaani urefu wa gauni la mwigizaji wa kike. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na naona kwamba tunamlaumu anayetazamwa huku tukimwacha yule aliyeamua atazamweje.

Mtoto wa kaka yangu ana kibanda cha video hapa Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Jioni moja nilipompitia nilikaa kwenye benchi la nyuma, nikatazama filamu ya Kimarekani iliyotafsiriwa na DJ, kama zilivyo nyingi katika vibanda vyetu. Kwa karibu nusu saa wanaume waliingia na kutoka, na kila aliyeingia tulianza kuuona uso wake. Kisha akaingia mpelelezi wa kike. Kamera ilianzia kwenye viatu, ikapanda taratibu miguuni, ikatua kiunoni, ikakawia kifuani, na ilipofika usoni mama yule alikuwa ameshaanza kuzungumza. DJ aliacha kutafsiri akaanza kusifia umbo, na kibanda kizima kikaangua kicheko. Dakika chache baadaye steringi alivamia ghala la maadui, na kijana aliyekaa mbele yangu akamuuliza mwenzake, "Kajuaje kama wamo humo?" Alijua kwa sababu mpelelezi yule ndiye aliyemweleza, tena kwa kirefu, wakati sisi tunacheka.

Sitaki kumtwika DJ mzigo wote, kwani yeye alisema kwa sauti kile ambacho kamera ilikuwa imeshakisema kimyakimya. Mwaka 1975 mwanazuoni wa Uingereza, Laura Mulvey, alichapisha makala akieleza kwamba katika filamu za Hollywood mwanamume hupewa kutenda na mwanamke hupewa kutazamwa, na kwamba watazamaji huazimishwa macho ya wahusika wa kiume bila wao kutambua. Nakiri kwamba nami, mwanamke na bibi wa wajukuu, nilimtazama mpelelezi yule kuanzia miguuni, kwa sababu sikupewa njia nyingine ya kumtazama.

Wapo watakaosema kuwa hata masteringi huvua mashati. Ni kweli, lakini mwili wa steringi huonyeshwa ukiwa kazini, akipigana, akipanda ukuta au akivuja damu, nasi hubaki tukijua jina lake na anachokitafuta. Mwanamke aliyepigwa picha vipande vipande hana anachotafuta. Hadithi husimama ili atazamwe, kisha huendelea bila yeye. Mchora katuni wa Marekani, Alison Bechdel, aliweka kipimo chepesi mwaka 1985: je, katika filamu wamo wanawake wawili wanaozungumza wao kwa wao juu ya jambo lisilo mwanamume? Tangu jioni ile nimekuwa nikikitumia kipimo hicho kibandani kwa mpwa wangu, na mara nyingi filamu inakwisha bila mazungumzo hayo kutokea. Wala si ajabu, ukikumbuka ni nani wameishika kamera: tuzo za Oscar zilianza kutolewa mwaka 1929, na mwanamke wa kwanza kushinda ile ya mwongozaji bora, Kathryn Bigelow, alisubiriwa mpaka mwaka 2010.

Bodi ya Filamu ina wajibu wa kukagua filamu na kuzipanga kwa madaraja, chini ya sheria ya mwaka 1976, nami siombi ipewe mkasi mrefu zaidi. Mkasi hukata kipande. Haubadilishi mahali pa kuweka kamera. Mwanamke aliyevaa gauni la kufika kwenye kifundo cha mguu anaweza kudhalilishwa na kamera vilevile.

Ninaowaandikia hasa ni vijana wetu wa Mwanza wanaotengeneza filamu zao wenyewe. Hivi karibuni niliwakuta baadhi yao kwenye ufukwe mmoja wa Ilemela. Mvuvi mmoja walimhoji kwa heshima zote, wakamwuliza jina, nyavu zake na usiku anaokesha ziwani. Binti aliyekuwa akianika dagaa hatua chache kutoka pale waliomba tu ainame tena, na tena, kamera ikiwa nyuma yake. Walipoondoka nilimwuliza kuhusu kazi yake, akanieleza anavyowageuza dagaa ili wakauke pande zote, na jinsi mvua ya ghafla inavyoweza kumharibia mtaji wa wiki nzima. Kisha akaniuliza, "Bibi, kwani wewe uliona? Uso wangu watauonyesha?" Sikuwa na jibu la kumpa. Kama vijana wale watausoma ukurasa huu, nawaomba warudi pale kabla hawajamaliza kuhariri picha yao, wamwulize jina, na safari hii wasimame mbele yake.

Mwalimu mstaafu,
Kirumba, Mwanza