KUH: Mashine ya kutambua metali mliyoiuza kuwa ya kuzamia

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bi,

Nalalamikia mashine ya kutambua metali niliyonunua dukani kwenu hapa Mombasa, na zaidi jibu nililopewa nilipoirudisha. Mimi ni mzamiaji. Wageni na wenye hoteli za Nyali na Bamburi huniita pete au mkufu unapopotea baharini, na muuzaji wenu nilimweleza hivyo kabla ya kulipa. Boksi limeandikwa wazi: "Haiingii maji hadi mita 5," na kando yake kuna picha ya mtu aliyevaa miwani ya kuzamia.

Hiyo mita 5 sikuifika. Maji yalikuwa kifuani, wimbi likapita juu ya kisanduku chenye skrini na betri, nikaona viputo vinatoka kwenye tundu la hedifoni. Skrini ikaingia ukungu kwa ndani, kisha mashine ikalia mfululizo bila kuelekezwa popote. Kuifungua, maji ya chumvi yameshafika kwenye betri.

Fundi wenu anasema waranti haigusi uharibifu wa maji, kwa kuwa kisichoingia maji ni koili peke yake, ile sahani ya chini inayotafuta metali, na hedifoni za kuzamia huuzwa kando. Maelezo hayo yako mwisho wa kijitabu, kwa herufi ndogo, na kijitabu chenyewe kimefungiwa ndani ya boksi. Mnunuzi atayasoma saa ngapi? Anayetembea kwenye maji ya magoti anaweza kukikinga kisanduku. Anayezama hawezi. Kila mita 10 chini, shinikizo la maji huongezeka kwa kiasi cha angahewa moja, na tundu lisilozibwa halisalimiki. Kumuuzia mzamiaji mashine ya namna hiyo ni kumdanganya.

Hata kabla ya kuharibika haikuwa ikitulia. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine hii ya masafa (frikwensi) ya aina moja huipigia kelele bahari yenyewe. Nikipunguza nguvu inanyamaza, lakini haioni hata sarafu ya shilingi 20 niliyoifukia mwenyewe kina cha kiganja. Pwani yetu yataka mashine za mipigo ya umeme, au za masafa kadhaa kwa pamoja. Muuzaji anayeijua kazi yake angeniambia.

Nanyi mjue kuchelewa kunagharimu nini. Dhahabu ni nzito. Maji yakijaa na kupwa mchanga hukorogeka, pete ikazidi kushuka mpaka koili isiifikie. Kuna mama aliyenikabidhi kazi ya kumtafutia pete aliyovishwa na marehemu mumewe. Bamvua, maji yanapokupwa mbali zaidi, limepita; mchanga ule ulikuwa wazi, na mashine iko mezani kwenu. Hilo limeniuma kuliko pesa.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Naomba mnirudishie pesa zangu zote, au mnipe mashine ambayo kisanduku, waya na hedifoni vyote vinahimili kina mlichoandika, bila nyongeza. Picha ile pia muiondoe kwenye maboksi yaliyobaki, maana vijana wa ufuo wa Pirates wameanza kuyaulizia.

Nimeambatisha nakala ya risiti na picha za boksi na betri. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo.

Wenu mwaminifu,
Mzamiaji, Nyali