Mbegu za vinka ya kuning'inia (ua la kwenye poti) hazioti? Soma hapa kabla hujanunua pakiti nyingine

Wateja wetu wa hapa Dodoma, wa Ilazo, Kisasa, Nzuguni mpaka kule Mtumba, joto likianza kupanda mwezi wa tisa meseji huwa ni zile zile: "nimepanda vinka wiki ya pili hii haijaota, mbegu mbovu", au "zimeota vizuri alafu asubuhi nimekuta miche imelala chini yote". Tumeona tuandike kwa kirefu, mana mara nyingi mbegu haina tatizo lolote, tatizo ni mwanga na maji, na hivyo viwili ukivishika vizuri vinka inaota hata hapo barazani kwako.

Kwanza mbegu yenyewe. Ile vinka ya pinki au nyeupe iliyozoeleka kwenye makaburi na nyumba nyingi za zamani, inayosimama wima, mbegu zake ukichuma zitaota ila zitasimama wima hivyo hivyo, hazitashuka kwenye poti hata ufanyeje. Ya kuning'inia ni aina iliyozalishwa kwa kazi hiyo, kimo chake ni kama shubiri moja tu lakini inatanuka sentimita 60 na zaidi, ndo mana inafunika poti zima na kumwagika pembeni. Alafu zipo ambazo ni chotara, yaani F1, hizo ukivuna mbegu zake ukapanda mwakani usitegemee kupata kitu kile kile.

Sasa giza, na hapa ndo wengi wanakwama. Kuna maua mengi mbegu zake unazinyunyizia tu juu ya udongo zinaota zikiona jua, vinka haiko hivyo kabisa, inataka giza ndo iamke. Mbegu ni ndogo, gramu moja ina mbegu 700 na zaidi, kwa hiyo watu wanaogopa kuzifukia wakidhani zitashindwa kutoka. Zifukie bila wasiwasi, nusu sentimita ya udongo mlaini inatosha, alafu funika trei kwa nailoni nyeusi au gazeti lililokunjwa mara kadhaa, weka sehemu yenye joto la nyuzi 24 mpaka 27 usiku na mchana. Kwa Dodoma joto hilo mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja mchana unalipata bila kuhangaika, ila mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi, mbegu inakaa tu kwenye unyevu mpaka inaoza, na sisi miezi hiyo huwa tunamshauri mteja asubiri kwanza. Kuanzia siku ya saba funua uangalie kila asubuhi, kila asubuhi jamani, mana ukiona vichwa vya kwanza vinatoka unaondoa kifuniko siku hiyo hiyo, ukichelewa miche inarefuka myembamba na myeupe na hiyo hainyanyuki tena. Hazitoki zote kwa pamoja, nyingine zinakuja hadi wiki ya pili au ya tatu, usimwage trei mapema.

Maji. Kabla ya kuota udongo uwe na unyevu muda wote, baada ya kuota ni kinyume chake, acha uso wa udongo ukauke kidogo ndo umwagilie tena, na umwagilie asubuhi. Dodoma tumezoea kuogopa jua kuliko kitu chochote, mtu akiona ardhi imekauka anachukua kopo, jioni anarudia, na vinka asili yake ni Madagaska, jua kali inaliweza vizuri sana, inachoshindwa ni miguu kukaa kwenye maji. Ile miche kulala chini shina likiwa limenyong'onyea pale usawa wa udongo ni kinyausi, ugonjwa wa fangasi, na unapenda udongo uliolowa na miche iliyobanana. Mche ulioanguka hauponi, ung'oe na wa jirani yake, punguza maji, ruhusu hewa ipite.

Kwa hiyo udongo wa mbuga ule mweusi usiutumie kwenye poti, unashika maji mno. Sisi tunachanganya kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), mchanga wa mto uliooshwa na mboji iliyoiva kabisa, samadi mbichi hapana, inaunguza mizizi. Na majivu pia hapana! Mama mmoja mteja wetu alikuwa anaweka majivu kila wiki kwa nia nzuri kabisa, majani yakawa ya njano yamebaki mishipa tu ya kijani, mana vinka inapenda udongo wenye asidi kidogo na majivu yanaondoa asidi, chuma kinakuwepo kwenye udongo ila mmea hauwezi kukichukua. Maji ya kisima yenye chumvi nayo yanaleta hali hiyo hiyo taratibu, ukiweza kinga ya mvua uyahifadhi kwa ajili ya maua haya, na hali ikizidi ipo mbolea ya chuma ya kupulizia.

Mche ukiwa na majani manne mpaka sita uhamishe na udongo wake wote, usikung'ute mizizi, haipendi kabisa kuguswa. Poti iwe na matundu chini na ipate jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku, kivulini itaishi ila maua yatakuwa ya kutafuta. Mvua za Januari zikikolea isogeze chini ya kenchi, majani yakilowa siku nzima matawi yanakuwa meusi na kunyauka. Maua yaliyochoka yanadondoka yenyewe, huna kazi ya kuyachuma.

Kuna wanaotuuliza kama majani yanachemshwa kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Tafadhali msinywe. Ni kweli mmea huu ndo ulitoa dawa za saratani, vinkristini na vinblastini, lakini hizo zinasafishwa kiwandani na kupimwa na daktari, majani yenyewe ni sumu kwa mtu, kwa mbuzi na kwa ng'ombe, kwa hiyo mwenye watoto wadogo au mifugo atundike juu.

Kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni kama miezi mitatu, anayetaka poti limejaa Krismasi apande mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Asiye na muda wa kufunua trei kila asubuhi tunamwoteshea sisi, lete poti zako au chukua miche ikiwa na majani sita, oda tunapokea mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Na kama miche yako imeshaanza kuugua, tupigie picha ya majani na ya shina pale chini kabisa utume wasapu, hiyo hatulipishi.