Maonyesho ya Jumamosi: tumehamia Ngomeni

Assalaam aleikum wanasanaa. Ukumbi wa chuo umevuja tena, kwa hivyo maonyesho ni Ngomeni, yaani Ngome ya Lamu pale uwanja wa Mkunguni, Jumamosi saa kumi alasiri. Kutundika ni Ijumaa baada ya swala ya alasiri.

1. Mchango shilingi 300 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi usiku. Ni za kamba, viunzi na kahawa.
2. Kuta zile ni za matumbawe na chokaa, ngome ilimalizika 1821. Msumari hata mmoja, hapana!
3. Wachongaji, tafadhalini, kazi zije kwa mkokoteni. Juzi punda aliacha kona ya fremu yangu kichochoroni.

Kila mmoja athibitishe hapa kabla ya Jumatano magharibi: jina, idadi ya kazi, na upana wa iliyo kubwa. Shukrani.