Barua kwa rafiki anayeanza kazi ya ustawi wa jamii

Moshi,
Aprili

Rafiki yangu mpendwa,

Habari za Arusha? Sisi huku hatujambo, mvua tu ndiyo haitupi nafasi hata ya kuanika. Barua yako nilimsomea mama, akapiga vigelegele. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali! Najua ulivyohangaika na ada, hongera sana.

Umeniuliza sisi wauguzi tunataka nini kutoka kwenu. Ngoja nikupe habari ya bibi mmoja anayeuza ndizi soko la Mbuyuni. Ana kisukari, na kwenye kliniki anayotibiwa faili lake lilishaandikwa "mtoro". Kila akija anagombezwa kwa kuruka tarehe. Siku moja muuguzi ninayemfahamu akamwita pembeni, akampa shikamoo yake, akamuuliza, "Bibi, nyumbani unaishi na nani?" Hapo ndipo yalipotoka. Analea wajukuu, baba yao alikwenda Mirerani kutafuta Tanzanite na hajarudi, na siku ya kliniki ndiyo siku mzigo wa ndizi unaposhuka kutoka Kibosho. Asipouwahi, watoto hawali. Faili lilijua sukari yake, basi. Walimbadilishia siku, na tangu hapo anahudhuria.

Waliomgombeza si watu wabaya. Foleni ya asubuhi naijua mimi. Hata nchi zenye madaktari wengi zina ugonjwa huu: mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel wa Marekani walirekodi wagonjwa wakizungumza na madaktari, wakakuta kwamba kwa wastani mgonjwa anakatizwa baada ya sekunde 18. Na walioachwa wamalize, hakuna aliyefikisha dakika tatu! Ndiyo maana semina za kutuhimiza tuwe na huruma zinanichosha. Huruma watu wanayo. Wanachokosa ni nafasi ya kumsikiliza mtu hadi mwisho, na mamlaka ya kubadilisha kitu baada ya kumsikia.

Wewe utakutana na hili kwenye msamaha wa gharama za matibabu. Mtu anaeleza umaskini wake kwa balozi wa nyumba kumi, anaueleza tena kwa mwenyekiti wa mtaa, tena kwa mtendaji ili apate barua, halafu anafika kwako na unamwambia aanze mwanzo, pengine dirishani, nyuma yake wamesimama majirani zake. Mzee wa Kichagga aliyesomesha watoto kwa kahawa hatasema mbele ya watu kwamba hana kitu. Atakuambia "nitarudi kesho", na hutamwona tena. Kwa hiyo ukiripoti kazini, kabla hata ya kompyuta, dai chumba chenye mlango unaofungwa. Polisi wenyewe wana Dawati la Jinsia na Watoto kwa sababu mama aliyepigwa hawezi kusimulia pale kaunta.

Wakikuambia hakuna watumishi wa kutosha, watakuwa wanasema kweli, lakini wasimulie ya Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda, katika nchi yenye madaktari wa akili wachache mno, alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Waliwekewa benchi la mbao nje ya zahanati. Mtu aliyelemewa na mawazo anakaa na bibi, anamwaga yote, kisha wanachagua tatizo moja na kukubaliana hatua ya kuanzia, na anarudi kuieleza ilikwendaje. Matokeo ya utafiti yalitoka mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mimi kinachonigusa ni kule kurudi. Bibi anakungoja, anakumbuka mlipoishia, hakuanzishi upya.

Sisi bibi wa namna hiyo tunao, wa makanisani, wa misikitini, wa vikoba. Wengi wanafundishika na wanajua kutunza siri. Ukiweza kumshawishi mganga mkuu wako akuruhusu ujaribu hata na wawili, nitakuja siku zangu za mapumziko tuwafundishe pamoja. Nauli ya Arusha si kitu.

Niandikie wamekupa chumba gani. Msalimie shangazi, mwambie mbege ya mwisho ilikuwa nzuri mno.

Ni mimi rafiki yako,
muuguzi wa Moshi