Mwacheni Mchina ajifunze Kiingereza kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni. Mimi ni mwalimu wa tuisheni ya jioni hapa Dodoma, nafundisha Kiingereza, na siku hizi wanafunzi wangu wengi ni mafundi wa Kichina wa kwenye miradi ya barabara na majengo, si unaona mji unavyochimbwa kila kona tangu serikali ihamie huku. Sasa kituo kimoja ninachofundisha kimebandika tangazo, Kiswahili marufuku darasani, eti wageni wamelipia Kiingereza. Mi nasema hapo tunawaonea hao jamaa.

Chukua neno moja tu, "old". Kamusi ya kwenye simu inampa Mchina "lao" naye anaondoka nalo mbio. Kumbe kwao mtu mwenye umri ndo lao, ila shati au baiskeli iliyotumika sana ni "jiu", Mwingereza yeye yote anayaita old na maisha yanaendelea. Sasa si ndo kama sisi? Bibi ni mzee, shati ni chakavu au kuukuu, hakuna anayesema shati langu limezeeka labda awe anatania. Nikimwambia fundi old man ni mzee, old shirt ni shati chakavu, anaelewa hapo hapo maana hayo maneno ameshayaokota saiti kwa vibarua. Nikibanwa niongee Kiingereza kitupu nabaki kuchora mashati ubaoni.

Kasheshe lenyewe liko kwenye heshima. Lao ina heshima ndani yake, mtu aliyewatangulia kazini wanamwita Lao halafu jina la ukoo, na mwalimu ni "laoshi" hata kama kamaliza chuo juzi. Ni kama mzee yetu, bodaboda anamwita abiria kijana kabisa mzee ili mambo yaende. Basi mwanafunzi wangu mmoja akamtambulisha injinia wetu kwenye kikao, "this is our old engineer", nia yake kumpandisha, jamaa akakunja uso mpaka kikao kinaisha. Baadae akamfuata nje, "mzee samahani", uso ukafunguka wenyewe. Kiswahili cha saiti ndo kilimwokoa, hicho hicho tunachokipiga marufuku.

Umri nao wanauita ukubwa, wanamuuliza mtoto ana ukubwa gani, ndo maana utasikia "how big are you" na mtoto wa watu anashangaa. Ukimpa "kaka mkubwa" anaona njia, kwao pia ni kaka mkubwa, unamwambia tu Mwingereza hapo anaweka older, si old wala big.

Halafu "my old school", hiyo shule inaweza kuwa imepakwa rangi jana, maana yake ni shule niliyosoma zamani. Old friend ndo rahisi, wao wana "lao pengyou", rafiki wa siku nyingi, ndivyo wanavyopenda kutuita wakikumbushia reli ya TAZARA waliyojenga na sisi 1970 mpaka 1975, na rafiki mwenyewe anaweza kuwa kijana tu.

Mboga sasa! Soko la Sabasaba nilimkuta mmoja anakataa fungu la mchicha, "old, old", mama anamjibu wa leo huu baba, umechumwa alfajiri. Wote wako sahihi bwana, lao kwenye mboga ni iliyokomaa, ngumu, yeye alikuwa anaangalia mashina, mama kaelewa umelala. Angesema tu "umekomaa" angepunguziwa bei.

Ninachoomba kwa wenye vituo ni hiki. Pale Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, Taasisi ya Confucius inayofundisha Kichina ipo tangu 2013, kuna vijana wetu wamesoma Kichina wanakijua, waiteni wakae na walimu wa Kiingereza waandike karatasi ya maneno sumbufu kama haya, old, heavy, hard, kila moja na majina linayotembea nayo, Kiingereza, Kichina na Kiswahili pembeni, na sentensi za saiti na sokoni, siyo za malkia na bustani yake. Na msiniambie habari ya bajeti, fotokopi ya ukurasa mmoja hapa mjini haifiki hata bei ya soda.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu wa jioni, Nkuhungu, Dodoma