Aya Ile Si Yako, Mwanangu

Moshi

Mwanangu Upendo,

Rasimu ya sura ya pili ya utafiti wako imenifika na nimeisoma yote. Nimefurahi umechagua historia ya ushirika wa kahawa huku kwetu. Ila ukurasa wa nne kuna aya ambayo si yako. Uandishi wako naujua. Pale sentensi zimebadilika ghafla, na ulichofanya ni kutoa "wakulima" ukaweka "wazalishaji". Hoja na mpangilio wake vimebaki vya mwandishi uliyemnakili, na jina lake halipo popote. Huo ni wizi wa maandishi, hata kama hukukusudia.

Kwamba KNPA, chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1925 na KNCU, chama cha ushirika kilichochukua nafasi yake, ikaja mwaka 1933, hilo linajulikana sana na halina mwenyewe. Lakini kwa nini chama cha kwanza kilikwama, na serikali ya kikoloni ilikuwa na wasiwasi gani nacho, hayo kuna mtu aliyekaa na nyaraka akayachambua. Ukiyatumia, hata kwa maneno yako, mtaje pamoja na mwaka wa kazi yake. Ukichukua maneno yake yenyewe, yafungie alama za kunukuu na uweke ukurasa. Kwa mfumo wa kutaja vyanzo wa APA mliopewa, nukuu ikifika maneno 40 inajitenga kama aya yake, bila alama hizo.

Mambo haya huharibika mapema, kwenye daftari. Unanakili sentensi leo, mwezi ujao huna hakika kama ni yako au ya kitabu. Kwa hiyo kabla hujanakili chochote, andika kwanza mwandishi, mwaka na ukurasa. Kitabu ambacho hujakisoma usikiingize kwenye marejeo. Sema umekikuta kimenukuliwa na nani. Na programu za akili bandia zinaweza kukutungia kitabu ambacho hakipo kabisa. Hakikisha mwenyewe.

Wale wa steshenari wanaouza risachi zilizokwisha andikwa, wapite mbali. Wizi wa maandishi humfuata mtu hata baada ya miaka mingi. Annette Schavan aliandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1980. Mwaka 2013, akiwa Waziri wa Elimu wa Ujerumani, Chuo Kikuu cha Düsseldorf kilimvua shahada hiyo kwa sababu ya wizi wa maandishi, akajiuzulu.

Kilichoniuma zaidi ni babu yako. Habari za kupima kahawa pale chama cha msingi amekusimulia yeye, nawe umeandika "inasemekana". Nani anasema? Wazee wetu wamechukuliwa maarifa yao miaka mingi bila kutajwa, na sitaki mjukuu wake aendeleze hilo. Muombe ruhusa. Akikubali, weka jina lake na tarehe mliyoongea ndani ya maandishi, kama mazungumzo binafsi. APA haiyaingizi kwenye orodha ya marejeo.

Irekebishe aya ile, kisha nitumie sura nzima kabla hujampelekea msimamizi wako. Mama anakusalimu.

Baba yako