Hasira hizi ni zangu au za ugonjwa?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29, ni fundi cherehani, naishi kwa mama Temeke. Miaka mitatu iliyopita daktari wa akili aliniambia nina tatizo la haiba liitwalo bodalaini. Nililia kwa furaha, usinicheke. Kumbe kumpenda mtu asubuhi na kumchukia jioni, kujiumiza, kumpigia mtu simu mfululizo akichelewa kujibu, vyote vina jina! Nyumbani walishaamua ni mapepo, na kombe nilishakunywa.

Mnasihi wangu hakunibembeleza. Alisema mengi yaliyonikuta utotoni sikuyataka mimi, ila kuyatatua ni kazi yangu. Kila usiku najaza karatasi: leo nilitamani kufanya nini, nikafanya nini. Nikipandwa na hasira, nainamisha uso kwenye beseni la maji ya barafu, nimebana pumzi, mpaka moyo utulie. (Muuza barafu anadhani nina biashara ya juisi.) Alinisimulia pia kwamba Marsha Linehan, Mmarekani aliyeiasisi tiba hii, naye alilazwa hospitali ya akili akiwa na miaka 17, akaja kulisema hadharani mwaka 2011. Hilo lilinishika kuliko dawa. Huu ni mwezi wa kumi na nne sijajiumiza.

Ila nyumbani bado mimi ni mgonjwa. Kaka anashikilia kadi yangu ya benki tangu nilipotapanya mtaji wote kwa siku moja, na wakati ule alifanya vizuri. Juzi nimeiomba, nikapange chumba karibu na kazini. Akakataa. Nikapaza sauti, kama ambavyo angepaza yeye, mama akauliza, "Leo umemeza dawa?" Nikikasirika ni ugonjwa, nikinyamaza ni ugonjwa, nikicheka sana wanatazamana.

Nisijisafishe, Shangazi. Mwaka jana nilimtukana dada yangu mbele ya wakwe zake, kisha nikamwambia, "Si mimi yule, ni bodalaini." Akanisamehe. Lakini nilijua ninachokisema. Sasa naona kaka ananirudishia maneno yangu mwenyewe.

Nataka kwenda kwa dada nikiri kwamba yale yalikuwa yangu. Naogopa kaka akisikia atasema, "Si unaona?" na kadi ndiyo basi tena. Nianze na dada au nianze na kadi? Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, na atanisubiri mpaka mwisho wa mwezi tu.

Fundi wa Temeke